Somo la Sita: Kununua Safari ya Kikundi, Kutoka Bagamoyo hadi Mapango ya Amboni

Bidhaa nyingi anazonunua mlaji zinaweza kushikwa, kupimwa na hata kurudishwa dukani. Betri ya gari hujaribiwa kabla ya kulipiwa, na unga hupimwa mbele ya macho ya mnunuzi. Safari haipimwi namna hiyo. Anayenunua safari hununua ahadi: kwamba gari litafika, kwamba chumba kitakuwapo, kwamba lango litafunguliwa. Ahadi hiyo haionekani mpaka siku yenyewe ifike, na siku hiyo fedha imekwisha kutoka mkononi. Kwa sababu hiyo, nguvu ya mlaji katika biashara ya safari huwa kubwa kabla ya malipo, na hupungua kila shilingi inapotoka.

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza:

- kumtambua muuzaji halali wa safari na gari linaloruhusiwa kubeba abiria wa kukodi;
- kuigeuza ahadi ya tangazo kuwa maandishi yanayoweza kuthibitishwa;
- kugawa malipo kwa awamu zinazomlinda;
- kujua mahali pa kupeleka lalamiko endapo ahadi haikutimizwa.

Mfano wa kujifunzia

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo. Kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 24, wakazi wa Tegeta, kilikubaliana kwamba badala ya kugawana faida yote ya mwaka, sehemu yake itumike kwa matembezi. Wengi wao hawakuwahi kwenda mbali kwa ajili ya kupumzika tu. Walipopanda basi, walikuwa wakienda msibani au kuuguza. Mweka hazina aliletewa tangazo kwa simu: siku tatu, Bagamoyo, Saadani na Mapango ya Amboni, Kosta yenye kiyoyozi, "kila kitu ndani", kwa shilingi 180,000 kila mtu. Alipompigia mwenye tangazo kuuliza maswali, alijibiwa, "Dada, usiwe na wasiwasi, hii ndiyo kazi yetu." Akatuma shilingi 4,320,000 zote kwa namba ya simu ya mtu binafsi, kwa kuwa aliambiwa kwamba nafasi zinaisha jioni ile.

Alfajiri ya safari ilikuja daladala yenye mstari wa njia yake ya mjini ubavuni. Kiyoyozi hakikuwapo. Bagamoyo walifika salama, lakini katika Magofu ya Kaole waliambiwa kwamba kiingilio ni juu ya kila mgeni. Siku ya pili dereva alisema mvua imeharibu njia ya Saadani, hivyo hawatakwenda. Mbele ya Msata askari wa usalama barabarani walilisimamisha gari na kuuliza kibali cha kutoka nje ya njia yake. Hakikuwapo, na wasafiri walikaa saa tatu kando ya barabara. Karibu na Segera dereva alisema fedha ya mafuta imekwisha, nao wakachangishana shilingi 15,000 kila mmoja, jumla shilingi 360,000. Amboni waliifikia jioni, mapango yakiwa yamefungwa.

Waliporudi, mweka hazina hakuulizwa kuhusu kiyoyozi. Aliulizwa kuhusu fedha. Hakuwa na risiti, mkataba wala jina kamili la mtu aliyempa fedha za wenzake. Alikuwa na ujumbe wa sauti na picha ya basi jipya. Heshima aliyoijenga kwa miaka kadhaa katika kikundi ilitikiswa kwa siku tatu.

Makosa ya muuzaji katika mfano huu ni dhahiri. Lakini somo letu linauliza swali jingine: ni wakati gani mweka hazina angeweza kuyazuia? Karibu kila tatizo lililotokea njiani lingeweza kugunduliwa akiwa bado Tegeta, fedha ikiwa bado mkononi.

Funzo kutoka njia ya misafara

Haja ya kukubaliana kabla ya kuondoka si jambo geni katika pwani hii. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwanzo na mwisho wa njia kuu ya misafara iliyopita Tabora hadi Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200 kwa miguu. Wapo waliotembezwa njia hiyo kwa minyororo, na historia yao haifai kusahauliwa na yeyote anayeutembelea mji huo. Lakini wapo pia wapagazi wa ujira, wengi wao Wanyamwezi, walioifanya kazi ya kubeba mizigo kuwa taaluma.

Mpagazi mzoefu alikuwa na mambo matatu ya kukubaliana kabla ya kuinua mzigo: ujira wake, uzito wa mzigo na posho ya njiani. Mzigo wa kawaida ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32, na aliyeongezewa bila makubaliano alilalamika au aliuacha. Msafara ulikuwa na kirangozi aliyeijua njia. Ulikuwa pia na akiba ya vitambaa na shanga za kulipia hongo, ambayo wakati huo ilikuwa ni ushuru wa kupita katika nchi ya mtawala fulani. Msafara ulioondoka bila kuihesabia hongo ulikwama njiani.

Msafiri wa leo anakutana na mambo yale yale kwa sura nyingine. Ujira ni bei ya safari, posho ni chakula na malazi, kirangozi ni dereva na mwongozaji, na ushuru wa njiani ni viingilio vya hifadhi na maeneo ya kale. Asiyeyahesabu kabla ya kuondoka atayalipa akiwa njiani, tena kwa bei asiyoichagua.

Hatua ya kwanza: Muuzaji ni nani?

Mtu anayeandaa na kuuza safari za kitalii kama biashara anatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Leseni hiyo hujulikana kwa wengi kama TALA. Mwenye gari anayekodisha gari lake tu, bila kuuza matembezi, anahitaji leseni ya usafirishaji kutoka Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Mlaji aulize mapema: je, ninanunua safari nzima, au ninakodi gari tu? Majibu ya maswali hayo mawili hayafanani, na wajibu wa muuzaji nao haufanani.

Kabla ya kulipa, pata mambo haya kwa maandishi: jina la biashara kama lilivyosajiliwa, nakala ya leseni, mahali ofisi ilipo, na jina kamili la anayepokea fedha. Linganisha jina la kwenye leseni na jina linalotokea kwenye simu unapotaka kutuma fedha. Yakitofautiana, simama kwanza na uombe maelezo. Kuomba nyaraka si kumtukana mtu. Mfanyabiashara mwadilifu hufurahi kuulizwa, kwa kuwa nyaraka zake ndizo zinazomtofautisha na mdanganyifu.

Ujihadhari hasa na haraka ya kutengenezwa. Maneno "nafasi zinaisha jioni hii" yana kazi moja, nayo ni kukunyima muda wa kuhakiki. Ukipokea ujumbe unaokuelekeza kutuma fedha kwa namba mpya usiyoifahamu, usitume. Ujumbe wa kitapeli hupelekwa kwa namba 15040, iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa ajili hiyo.

Hatua ya pili: Gari na dereva

Daladala ina leseni ya njia yake. Ikitaka kubeba abiria wa kukodi nje ya njia hiyo, mwenye gari huomba kibali cha muda. Gari la shule na gari binafsi nayo hayageuki kuwa magari ya kukodi kwa sababu tu mwenyewe ameafiki bei. Omba uoneshwe leseni ya LATRA au kibali chenye tarehe za safari yako, na namba ya gari ilingane na ile ya gari litakalokuja.

Jambo la bima huchukuliwa kwa wepesi mpaka ajali itokee. Bima dhidi ya madhara kwa watu wengine ni ya lazima kwa kila gari linalotembea barabarani, lakini kila bima hueleza matumizi iliyokatiwa. Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi likipata ajali huku limebeba abiria wa kulipa, kampuni ya bima inaweza kulipinga dai. Uhai wa bima huweza kuhakikiwa kwa namba ya gari katika mfumo wa kielektroniki wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Kuhakiki huchukua dakika chache, nako humwepusha majeruhi na mgogoro wa miaka.

Kwa upande wa dereva, hakikisha leseni yake ni ya daraja linaloruhusu kubeba abiria na haijaisha muda. Kwa safari ya siku kadhaa, uliza atalala wapi. Swali hili huonekana dogo, lakini dereva aliyelala kwenye kiti cha gari ndiye atakayeshika usukani kesho yake, na abiria wote wamo nyuma yake.

Hatua ya tatu: "Kila kitu ndani" maana yake nini?

Maneno haya matatu yanapendeza sikioni na hayana maana yoyote mpaka yafuatiwe na orodha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara, zikiwemo kauli za uongo kuhusu bei na ubora wa huduma. Lakini ili kauli ionekane ni ya uongo, ni lazima ijulikane ilisema nini. Mlaji aliyenunua "kila kitu" atapata tabu kuthibitisha kwamba kiingilio cha Kaole kilikuwa sehemu ya hicho kila kitu.

Kwa safari ya pwani ya kaskazini, orodha ijibu maswali yafuatayo:

- Viingilio. Kaole, penye magofu ya msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13, Hifadhi ya Taifa Saadani na Mapango ya Amboni kila kimoja kina utaratibu wake wa malipo. Viwango hutofautiana kati ya raia na mgeni, na kati ya mtu mzima na mtoto. Orodha iseme nani analipa, na kwa watu wangapi.
- Mwongozaji. Je, malipo yake yamo ndani ya bei?
- Gari ndani ya hifadhi. Gari nalo hutozwa linapoingia hifadhini. Nani analilipia?
- Malazi. Jina la nyumba ya wageni, idadi ya vyumba, na watu wangapi katika chumba kimoja.
- Chakula. Milo mingapi kwa siku, na maji ya kunywa ni ya nani.
- Mafuta. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Safari iliyolipiwa mwezi huu na kufanyika mwezi ujao inaweza kukutana na bei mpya. Mkataba useme mapema kama bei ya safari itabaki ile ile.
- Maegesho, kivuko na posho ya dereva.

Malipo ya taasisi za Serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroo namba. Hii ni faida kwa mlaji: muuzaji anayesema amekwisha kulipia Saadani anaweza kuonesha stakabadhi yenye namba hiyo. Mwambie akutumie nakala kabla ya siku ya kuondoka.

Hatua ya nne: Ratiba ihesabiwe

Tangazo la mfano wetu liliahidi Bagamoyo, Saadani na Amboni kwa siku tatu, pamoja na kurudi. Je, inawezekana? Mlaji hahitaji utaalamu wa utalii kulijibu swali hili, anahitaji kalamu.

Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni kilomita zipatazo 70. Bagamoyo hadi Msata ni kilomita 64 za lami, na hapo ndipo msafiri anapoikamata barabara kuu iendayo Segera, Muheza na Tanga. Mapango ya Amboni yapo kilomita zipatazo 8 kaskazini mwa jiji la Tanga, upande wa barabara ya Horohoro. Kutoka Tanga kurudi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 350. Mwendo wa juu wa magari ya abiria ni kilomita 80 kwa saa, na penye makazi palipowekwa alama ni kilomita 50. Hata kama gari lisingesimama mahali popote, kilomita 350 kwa mwendo wa 80 ni zaidi ya saa nne na dakika ishirini. Ukiongeza vijiji, chakula na mizani ya kawaida ya njiani, siku ya tatu imebaki na asubuhi moja tu ya kuyaona mapango. Kwa hiyo kundi lazima lilale Tanga usiku wa pili, si mahali pengine. Ratiba isiyosema hivyo itatimizwa kwa njia moja kati ya mbili: dereva akimbie, au mahali fulani paachwe.

Tuzingatie na majira. Saadani, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005 na pekee nchini inayopakana na Bahari ya Hindi, ina sehemu zenye udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, gari lisilo na uwezo wa kupita njia hizo linaweza kukwama. Muuzaji wa safari za pwani analijua jambo hili kuliko mteja wake. Hivyo mvua ya Aprili si ajali isiyotarajiwa. Mkataba useme: njia ikifungwa, wasafiri watapelekwa wapi badala yake, au watarudishiwa kiasi gani.

Hatua ya tano: Fedha itoke kwa awamu

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Usilipe yote kwa mkupuo. Muuzaji ana haki ya kupata malipo ya awali, maana naye analipia vyumba na vibali. Lakini ni lazima kibaki kiasi kinachomfanya aitimize ahadi mpaka mwisho. Hakuna mgawanyo mmoja unaofaa safari zote. Kwa kundi letu la watu 24 tungeweza kupendekeza hivi:

- Asilimia 30 wakati wa kutia saini: shilingi 1,296,000
- Asilimia 50 gari likishafika na kukaguliwa: shilingi 2,160,000
- Asilimia 20 baada ya kurudi salama: shilingi 864,000
- Jumla: shilingi 4,320,000

Angalia tofauti inayoletwa na awamu ya pili. Daladala ikija badala ya Kosta, mweka hazina ana shilingi 3,024,000 mkononi na watu 24 nyuma yake. Anaweza kukataa, kuomba punguzo au kuahirisha. Katika mfano wetu hakuwa na lolote ila kupanda.

Kila awamu idaiwe risiti ya mashine ya EFD. Ujumbe wa muamala wa simu unathibitisha kwamba fedha imetoka, lakini hausemi ilitoka kwa ajili ya nini. Risiti yenye jina la biashara na maelezo ya huduma husema yote mawili.

Mkataba mfupi unaotosha

Mkataba wa mdomo nao ni mkataba, na ujumbe wa kielektroniki unaweza kupokewa kama ushahidi chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Hata hivyo, karatasi moja iliyotiwa saini na pande mbili humaliza ubishi mwingi kabla haujaanza. Maneno yanaweza kuwa mepesi:

"Muuzaji atatoa basi dogo lenye viti visivyopungua 25, kiyoyozi kinachofanya kazi na kibali cha LATRA kwa tarehe za safari. Bei ya shilingi 180,000 kwa kila mtu inajumuisha mafuta, viingilio, waongozaji, malazi ya usiku miwili na milo iliyoorodheshwa nyuma ya karatasi hii. Gari likiharibika, muuzaji ataleta jingine la kiwango hicho ndani ya saa nne, au atagharimia usafiri mbadala. Saadani ikishindikana kwa sababu ya mvua, atarudisha kiingilio chote. Kundi likiahirisha kwa taarifa ya siku saba au zaidi, litarudishiwa malipo ya awali isipokuwa gharama zilizokwisha kulipwa na kuthibitishwa kwa stakabadhi."

Soma pia maandishi ya muuzaji, hasa yaliyochapwa kwa herufi ndogo. Maneno "fedha ikishalipwa hairudi" hayampi muuzaji ruhusa ya kutotoa huduma aliyolipwa.

Mkiwa njiani

Haki ya usalama haikomi kwa kuwa mmekwisha kulipa. Abiria anaweza kumtaka dereva apunguze mwendo, na hali ikiwa ya hatari apige namba 112 ya dharura. Msikubali kubeba watu wa njiani. Viti mmevilipia, na kila anayesimama huongeza hatari kwa aliyeketi.

Amboni panahitaji uangalifu wa pekee. Ni mapango ya mawe ya chokaa, yenye giza, utelezi na njia nyembamba. Miongoni mwa mapango yaliyopo, ni moja tu linalotumika kwa wageni wa kuongozwa. Usiingie bila mwongozaji aliyetambuliwa pale langoni. Vaa viatu vilivyofunga mguu na uulize kuhusu taa kabla ya kuingia. Mwenye shida ya kupumua, mjamzito au mzee aelezwe hali ya ndani mapema ili aamue mwenyewe. Muuzaji aliyeyaelezea mapango hayo kuwa "matembezi mepesi kwa wote" amemnyima mteja taarifa aliyostahili kuwa nayo.

Jambo likiharibika, liandike saa hiyo hiyo: mahali, saa, namba ya gari, maneno yaliyosemwa. Piga picha. Mkichangishwa fedha, muombeni dereva asaini karatasi inayoeleza kiasi na sababu. Shilingi 360,000 za mafuta zilizosainiwa ni deni. Zisizosainiwa ni hadithi.

Mkirudi na lalamiko

Anza kwa muuzaji mwenyewe. Mwandikie barua fupi inayosema nini kiliahidiwa, nini kilitolewa, unadai kiasi gani na unatarajia jibu lini. Migogoro mingi huishia hapa, hasa kwa mfanyabiashara anayetaka kubaki sokoni.

Asipojibu, lalamiko hupelekwa kulingana na aina yake. Kibali, leseni na usalama wa gari ni la LATRA. Tangazo la uongo au la kupotosha ni letu, Tume ya Ushindani. Kutotolewa kwa risiti ni la Mamlaka ya Mapato Tanzania. Aliyepokea fedha na kutoweka ni suala la polisi. Anayetaka kurudishiwa fedha kwa amri ya kisheria anaweza kufungua madai katika Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri husikilizwa kwa Kiswahili. Tuseme pia ukweli wake: taasisi inaweza kumwadhibu mkosaji bila fedha yako kurudi siku hiyo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya somo hili imehusu mambo yanayotangulia malipo.

Mlaji naye ana wajibu wake. Afike kwa wakati, ataje idadi sahihi ya watu, asimshinikize dereva kukimbia wala kujaza gari. Anayetafuta bei ndogo kupita kiasi ajiulize ni nani atakayeilipa tofauti, kwa kuwa mara nyingi hulipwa na tairi lililochakaa.

Mazoezi

1. Soma tena mfano wa kikundi cha Tegeta. Taja mambo matano ambayo mweka hazina angeweza kuyahakiki kabla ya kutuma fedha.
2. Muuzaji anakuambia Saadani imeshalipiwa. Utamwomba nini akuthibitishie?
3. Kundi la watu 18 linalipa shilingi 150,000 kila mtu. Gawa malipo kwa awamu tatu zinazolilinda, na ueleze kwa nini umezigawa hivyo.
4. Pamoja na wenzako, andikeni orodha ya yale ambayo "kila kitu ndani" ingepaswa kuyataja katika safari mnayoifikiria ninyi wenyewe. Mpelekeeni muuzaji orodha hiyo kabla ya kuzungumzia bei.